Jagi la Madame Tissandier

Odile, leo nimeumbuka, acha tu.

Si nilikwenda kuomba ile kazi ya kuonja mvinyo kwa Madame Tissandier? Nimevuka mlima Durbize kwa baiskeli, maji yakaniishia njiani, nikateremka mizabibuni kwake koo limekauka. Kuingia tu, naona jagi la mvinyo mezani. Nikapiga mafunda. Nikajifuta mdomo, nikamwambia, “Mama, mvinyo huu una ladha nyingi.”

Nyingi, Odile. Nilisema nyingi.

Akaniangalia weee. “Lazima ziwe nyingi, binti yangu. Humo ndimo wanunuzi wanamotemea mvinyo wakishauonja, tangu asubuhi.”

Nilitamani ardhi ipasuke.

Kazi nimepata, lakini. Kesho naanza kwa kumwaga lile jagi. “Kama utaweza kujizuia,” akasema.