Neno la Wavu wa Baba

Muaither, Doha
Aprili 19

Kwa kaka yangu Harun,

Assalamu alaikum. Kabla ya yote nakujulia hali, wewe na nyumba nzima, pamoja na huo mgongo ambao shemeji Rehema anasema siku hizi una ubaguzi: bao unakubali kucheza, jembe unakataa kushika. Mimi ni mzima, alhamdulillah. Joto la huku halijakasirika bado, linapita tu mlangoni kutukumbusha kwamba lipo. Chakula ninakula, usingizi ninaupata, na kazi ya kuendesha gari la watu inaendelea bila mkwaruzo, wa gari wala wa maneno.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Barua hii inakuja na Riziki, yule kijana wa Tunduru mjini anayelinda hoteli, amepata likizo. Nimeiandika kwa sababu kwenye simu una tabia ya kunikatiza, na ukinikatiza huwa unashinda. Karatasi haikatizwi. Unaweza kuikunja kwa hasira, lakini itabidi uikunjue tena ujue imeishia wapi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nyingi kuliko ulivyostahili, kwa sababu nyuma ya sauti yako mbwa alikuwa anabweka na mtu anatwanga. Ulisema nguruwe pori wameshuka kutoka korongo la Chitete, wamemaliza nusu ya mahindi ya Mzee Ramadhani na sasa wako kwako. Ulisema wenzako wa kikosi cha uwindaji wako tayari kwa msako, nyavu zimetoka, mbwa wamefungwa njuga, na kinachokosekana ni wavu wa baba, ule mrefu aliouacha mikononi mwangu, kwa kuwa bila huo mdomo wa korongo unabaki wazi. Na kwa kuwa kwetu Namihungo wavu hautegwi bila neno la mwenye nao, hata akiwa ng'ambo, hata akiwa kaburini mjane wake ndiye anayeulizwa, ukaniomba neno.

Kaka, umeniomba neno, na mimi nimekaa na neno hilo kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshike kidogo, na mama mtu harudi.

Kwanza nikumbushe tulikotoka, maana huku Ijumaa ni ndefu na mtu anakumbuka vingi. Nakumbuka baba akisokota kamba ya ule wavu pajani, nywele za paja zote zimekwisha upande mmoja, mama akimwambia kwamba ana mguu wa mwanamume na mguu wa mtoto. Nakumbuka tulivyojificha nyuma ya wavu, umenikanyaga kidole makusudi nisipige chafya. Kule ng'ambo ya korongo wanapiga madebe, mbwa wetu Watasema anatangulia mbele ya wote na kubweka kama aliyetukanwa, halafu kimya kidogo, halafu majani yanapasuka. Sijawahi kuogopa vile tena, hata siku ya kwanza niliyoingia barabara za mzunguko za Doha.

Tena nguruwe mwenyewe hatukuwa tunamla. Hilo nilipomsimulia Kiprop, Mkenya ninayekunywa naye chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, aliweka kikombe chini kabisa. Nilimweleza kwamba sisi Waislamu wa kijijini tunawinda kuokoa mahindi, wenzetu Wakristo wa kikosi kile kile wanawinda mahindi na kitoweo, na mwenye wavu ana fungu lake, shingo na mgongo, ambalo asipokula anampa mtani wake. Kiprop akaniuliza: "Boss, wewe hukulangi hiyo nguruwe, na ni wewe unaamua kama itakuliwa? Hiyo si kuwinda, hiyo ni kazi ya serikali."

Nilicheka, lakini nikaondoka na swali lake.

Sasa kuhusu serikali yenyewe. Mkutano wa bwana mifugo nimesimuliwa mara mbili, na wewe na shemeji, na nimechukua ya shemeji kwa sababu yeye hakuwa na cha kutetea. Kwanza, si bwana, ni binti, anaitwa Miriam, na alikuja kwa pikipiki na viatu vya mpira. Akawaambia kwamba mizoga iliyoonekana bondeni ni ya homa ya nguruwe, haimdhuru mtu lakini ikiingia bandani haiachi mnyama. Akaomba mambo machache: msimu huu msifanye msako, kwa kuwa msako unawatawanya nguruwe wagonjwa hadi mabonde yasiyo na ugonjwa, mkiona mzoga msiguse, mseme, ufukiwe, na matumbo yasiachwe porini wala nyama isiletwe nyumbani.

Majibu yenu nayajua hata kama sikuwepo. Mzee Ramadhani aliuliza tangu lini nguruwe pori akawa na daktari, ilhali yeye mwenyewe akienda zahanati anaambiwa dawa zimekwisha. Amiri akasema kama wanakufa wenyewe basi Mungu amewasaidia wakulima, mbona mnamzuia. Wenzetu walaji wakasema wamemla tangu binti huyu hajazaliwa na hakuna aliyeota mkia. Na wewe, kaka, ulisimama mwisho, ukasema, kwa maelezo ya shemeji, kwamba ukienda kuiambia serikali nimeona mzoga kule korongoni, swali la kwanza litakuwa, na wewe ulikuwa unafanya nini kule korongoni, na kibali chako cha kuwinda kiko wapi.

Hapo nilikupigia makofi peke yangu chumbani. Ni kweli tupu. Binti mwenyewe, nasikia, aliangalia viatu vyake.

Lakini nikusimulie la huku. Mzee ninayemwendesha, Bu Nasir, ni mwindaji pia, ila yeye anawinda kwa kozi, ndege wa jamii ya mwewe. Ndege huyo anavalishwa kofia ya ngozi inayomfunika macho, anakaa mkononi mwa mtu ametulia kama bibi harusi, akifunguliwa anaua. Kozi hawa wana pasipoti zao, sikutanii, na foleni ya uhamiaji hawapangi. Mwaka juzi, msimu wa baridi, ukaingia ugonjwa kwa ndege wa porini. Nilimpeleka mzee kwa daktari wa ndege, na daktari akamwambia mwaka ule asiende kambini ambako kozi wa watu wote hukaa pamoja, na kozi wake wasile windo la porini.

Njiani mzee hakunyamaza. Alisema baba yake alibeba kozi kabla nchi hii haijawa na bomba la maji. Alisema ugonjwa ni wa Mungu, na madaktari wanatafuta cha kuandika. Mimi nilikaza macho barabarani, maana nilikuwa namsikia Mzee Ramadhani anaongea Kiarabu.

Kilichomgeuza hakikuwa daktari. Siku chache baadaye tulikwenda kwa rafiki yake aliyekwisha kwenda kambini na kurudi. Kwenye majlisi yake, sebule ya wageni, palikuwa na vigingi vya kozi vimepangwa, na havina ndege. Yule rafiki alimimina kahawa, akasukuma tende, wakazungumzia bei ya kondoo. Tulipokuwa tunarudi, karibu na nyumbani, Bu Nasir akaniambia, "Mwaka huu hatutoki."

Hakutoka. Ila hakuniambia nisiandae gari, kwa hiyo nililiandaa kila alasiri kama kawaida ya msimu. Na yeye alikuja, kaka, na kozi wake mkononi, akaingia, akakaa. Gari halijawashwa. Tunakaa uani, sisi wawili na ndege, tunatazama ukuta, mpaka aseme khalas, yaani basi, turudi ndani. Mwanzoni nilidhani amechanganyikiwa. Baadaye nikaanza kuona fahari kufunga mkanda.

Ungesema huyo ni tajiri, anaweza kuacha kuwinda kwa sababu hakuna kozi anayelinda mahindi. Utakuwa umesema sawa. Ndiyo maana sikukuletea kisa hiki kama hoja. Nimekuletea ujue kwamba nimeona mwindaji anavyoumwa na kutowinda, na kwamba ninachokuomba si kidogo.

Maana sasa nafika kwa Virginia.

Wiki moja kabla ya ujumbe wako, mtani wetu alinipigia kwa simu ya mwanawe Collins. Alianza kama anavyoanza, kwamba amesikia huku Arabuni tumeanza kufanana na ngamia tunaowachunga, na kwamba ngamia wamelalamika. Nikamjibu kwamba ngamia wanapendeza kuliko ukoo wake. Kisha akanyamaza, na wewe unajua Virginia kunyamaza ni kama redio ya Mzee Ramadhani kunyamaza, unajua kuna kitu kimekatika. Nguruwe wake jike amezaa, watoto wamejaa bandani, na tangu afiwe na mumewe hilo banda ndilo shamba lake, ndilo ada ya Collins. Hakuniomba kitu. Alisema tu hivi:

"Mtani, wakiua wataniletea fungu la marehemu baba yako. Nikilikataa, nimeitukana nyumba yenu. Nikilipokea, nimewaua nguruwe wangu kwa mkono wangu."

Kaka, mimi na wewe hatukuliona hilo, wala Miriam na viatu vyake hakuliona. Mnagombana juu ya bonde, na njia ya ugonjwa ni heshima yetu. Shingo na mgongo vya wavu wa baba vinakwenda moja kwa moja jikoni kwa Virginia, damu ndani ya ndoo, makombo bandani, kama vilivyokwenda miaka yote. Ni mila nzuri kuliko zote tulizonazo, na mwaka huu ndiyo itakayombomolea nyumba. Mwanamke aliyemuuguza mama yetu mpaka siku ya mwisho, wewe ukiwa Masasi kutafuta dawa na mimi nikiwa huku nikiwapeleka watoto wa watu shuleni.

Nilifikiria kukuambia uwinde na usimpelekee fungu. Lakini najua lingesemwa nini kijijini: watoto wa marehemu wamemnyima mtani, kafanya kosa gani. Angebaki na nguruwe na kukosa watu.

Kwa hiyo nimefika mahali pa kukiri, nakuomba ukae chini kwanza, usije ukaanguka.

Wavu haupo tena darini kwako nilikouacha. Usipande, mgongo wenyewe huo. Nilimwomba shemeji Rehema autoe ampelekee Virginia, siku uliyokwenda mnadani, na alikataa mara mbili kabla ya kukubali, kwa hiyo ukitaka kugombeza, mgombeze aliye mbali, mwenzako uliye naye ni tegemeo lako. Miriam aliuosha kwa sabuni na dawa, ukaanikwa juani mpaka ukakauka. Sasa umezungushwa banda la Virginia, mara mbili, kutoka nguzo hadi nguzo, ili nguruwe pori wasisogee kunusa na mbwa wenu wanaotoka korongoni wasiingie. Wavu wa marehemu mzee Mbawala, aliyekuwa akinawa mikono kwa mchanga akiona tu nyayo za mnyama huyo, unalinda zizi la nguruwe. Nimemwombea baba. Nadhani kwanza atakasirika, halafu atauliza kama tumekaza fundo la kona.

Na neno uliloniomba sina tena. Wavu ukilala kwa mtu kwa ridhaa ya mwenyewe, neno linahamia kwake hadi aurudishe. Sheria hiyo hukuipata kwangu. Uliitamka mwenyewe mbele ya kikosi, mwaka ule Amiri alipouweka wavu wake kwa wakwe zake halafu akataka kuukodisha, na watu wote wakasema Harun amehukumu kwa haki. Basi ukitaka kutega Chitete, nenda kwa Virginia umwombe. Simama pale kwenye banda, wana wa nguruwe wakikutazama, umwombe neno la msako. Akikupa, tega, mimi nimetoka.

Najua nimekufanyia hila. Ningekuambia waziwazi ungenikatiza.

Usidhani sikuutaka msako huu. Ulipotuma ujumbe nilianza kujibu papo hapo kwamba tegeni, na mtu anishikie simu juu nisikie mbwa. Nilirekodi hivyo, kwa sauti ya baba kabisa. Kisha nikausikiliza mwenyewe kabla ya kuutuma, nikamsikia ndani yake Virginia akishukuru kwa fungu, nikaufuta.

Mahindi sijayasahau. Nimeomba likizo na Bu Nasir amekubali, alipojua sababu hakuuliza siku ngapi. Nitafika kabla hayajakauka. Tutajenga dungu pale pembeni mwa shamba lako, tulinde kwa madebe na moto kama walivyolinda wazee wasio na nyavu, mimi zamu yangu na wewe yako, na mgongo wako utapewa zamu ya kukaa. Tutaibiwa kiasi. Nitachukua hasara yangu bila kunung'unika, wewe nung'unika kwa niaba yetu sote.

Nisalimie Mzee Ramadhani, mwambie daktari wa nguruwe yupo lakini na yeye hana dawa. Wape salamu wenzetu wa kikosi, walaji na wasio walaji. Shemeji Rehema msalimie kwa upole, leo hasa. Na ukipita kwa mtani, usiende mikono mitupu, mpelekee mahindi mabichi, na vumilia atakayokutania maana safari hii atakuwa na haki zote. Mwenyezi Mungu awatunze mpaka nionane na nyuso zenu.

Ni mimi mdogo wako,
Iddi Mbawala,
aliyekuwa mwenye wavu.