Pamba ya Wakubwa, Jino la Nshobole

Mama mshauri mpendwa, naomba unisaidie na jina langu lisitoke, mimi ni infirmier, yaani muuguzi, wa dispensaire moja, zahanati ya hapa mtaani Katoyi, kazi yangu ni meno, na kuna binti nitakayemwita Nshobole, alikuja mwaka jana jino la mbele limetoboka, ilikuwa Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, watu wamejaa mpaka barabarani, nikamziba jino likiwa bado na mate kwa sababu pamba ya kukaushia ilikuwa inaelekea kuisha na iliyobaki nilikuwa nimewawekea wakubwa wa Zone, wale wa ofisi ya serikali, na najua kabisa kwamba dawa haishiki jino lililolowa, inaacha upenyo, chai na mate yanapita humo mpaka pembeni panakuwa peusi, najua kwa sababu nilifundishwa.

Baada ya miezi mitano alirudi ana mstari mweusi kuzunguka dawa, watu wanasikiliza, nikaona aibu, nikasema kwa sauti, "Hii ni tumbako, mama. Mutu akivuta, meno inakuwa vile." Akanijibu polepole, "Papa munganga, mi sivutaka, hata siku moja," nami nikamwambia wote wanasema hivyo, foleni ikacheka. Sikujua kwamba kwenye foleni hiyo alikuwamo shangazi wa Murhula, kijana aliyemposa Nshobole.

Sasa ukoo wa Murhula unasema hauoi mvutaji, wanakutana Jumapili hii kuivunja posa, na mama yake binti ananiambia mwanawe amelisugua jino wiki tatu kwa jiwe la volkano, lile tunalosugulia visigino, akidhani weusi utatoka, mpaka ukingo wa dawa umelika na jino linauma, akiongea anaziba mdomo kwa mkono. Nikisema ukweli, nani atanifungulia mdomo tena? Nikinyamaza, binti anaachwa. Nifanye nini?

Infirmier wa Katoyi

Ndugu citoyen infirmier,

Foleni ndefu na pamba haba naijua, na kwa hilo nakuhurumia. Huruma yangu inaishia hapo. Pamba ulikuwa nayo, ukamnyima. Kisha ukamvunjia heshima mbele ya watu ili yako ibaki, na leo unaniuliza kama unaweza kuendelea kunyamaza.

Mwite kesho. Usibandike dawa mpya juu ya ile mbovu. Itoe yote, kwangua uozo mpaka uishe, weka pamba pande zote za jino, ibadilishe kila inapolowa, na usianze kuziba mpaka jino likauke kabisa. Shindilia dawa kidogo kidogo, ulainishe ukingo mpaka ukucha usikwame. Jiwe alirudishe kwenye visigino, atumie mswaki laini. Kama uozo umefika ndani, mpeleke hospitali wewe mwenyewe, usimwonyeshe njia tu.

Jumapili usitume barua wala padri. Nenda kwenye kikao chao, simama mbele ya shangazi yule, useme kwa sauti ile ile kwamba ni mikono yako iliyoharibu. Murhula akimwacha hata baada ya hapo, basi amwache kwa sababu zake, siyo kwa uongo wako.

Unauliza nani atakufungulia mdomo tena. Nshobole haufungui wake mbele ya mtu, na hakufanya kosa lolote. Siku utakapomwona akicheka sokoni, mikono yote miwili imeshika kikapu, ndipo uniambie kwamba umemaliza kumziba jino.