Kauri Aliyekalia Mayai

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, lakini mvua haikunyesha.

Leo ni bamvua, maji yalikupwa mbali kuliko siku nyingine. Saa tatu mimi na shangazi Mwanaidi tulishuka pwani ya Mbegani na ndoo zetu. Tunauza kauri na makombe kwa wageni wanaotembelea mji mkongwe wa Bagamoyo. Yeye ndiye aliyenifundisha, mama alipofariki.

Kuna jambo sijawahi kuliandika hapa. Wageni huniuliza kama kauri hizi nimeziokota ufukweni zikiwa tupu, nami huitikia kuwa ndiyo. Kauri ni konokono wa baharini; aliyekufa mwenyewe hupauka, hanunuliki. Wanaong'aa tumewachukua wakiwa hai, tukawafukia mchangani mpaka nyama ikaoza.

Nimedanganya miaka tisa.

Leo niligeuza jiwe, nikamkuta kauri mkubwa wa madoadoa. Nikambandua. Chini yake palikuwa na vipunje vyeupe vimegandana kama mtama. Mara nyingi nimeviona, nikavifuta kwa kidole nikidhani ni uchafu. Leo ndiyo nimeng'amua: alikuwa akiatamia.

"Shangazi, huyu ana mayai."

"Mtie ndooni, mwanangu, maji yanarudi."

"Zamani mlikuwa mnawapata wangapi hapa?"

"Hapa? Hatukuwa tukifika huku mwambani. Ndoo ilijaa kule kule kwenye majani ya bahari, karibu na ufukwe."

Akachungulia ndoo. Nadhani aliyasikia maneno yake mwenyewe. Leo tulikuwa na wanne tu, sisi sote wawili.

Nilimrudisha kauri juu ya mayai yake, nikalilaza jiwe polepole lilivyokuwa. Shangazi hakunikataza. Alichukua wale watatu waliobaki, tukapanda.

Sijui kama yule kauri alishika tena jiwe. Huenda mayai nilikwisha kuyaharibu.

Alasiri, mezani petu, mama mmoja mgeni aliuliza swali lile lile. Nilimwambia ukweli wote, mpaka habari ya kufukia. Akairudisha kauri mezani, akashukuru, akaenda zake.

Shangazi alikuwa amekaa pembeni yangu.

"Na kesho utawaambia hivyo hivyo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Haya. Na sisi tutakula nini?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Ninachojua ni kwamba kesho atashuka mwambani peke yake, na itabidi nimwambie hivyo kabla hajanigongea mlango.