Mkono Unaopiga Kelele

Jumatatu, 12 Julai 1999

Ruhembe. Miwa imechomwa jana, masizi hadi puani. Saa nne akaja mtafiti kutoka chuo, Morogoro. Hildegarda. Anapima sauti ya misuli yetu wakata miwa. Ati misuli hunguruma ikifanya kazi. Akasema tuzibe masikio kwa vidole gumba, tukunje ngumi. Kweli – mngurumo, kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Lusekelo, ninayekata naye, akasema hiyo njaa tu, dada akapime masufuria yetu.

Hildegarda akaniamkia shikamoo. Msomi mzima, shikamoo kwa mkata miwa. Anataka kitu.

Jumanne, 13 Julai

Leo kutia saini fomu ya kukubali kupimwa. Anasema majina hayaandikwi kwenye kipimo. Namba ya kazi je? Ipo, nimeiona. Mwenye shamba mpya hajamaliza miezi mitatu, ameshapunguza watu kumi na wawili. Halafu inakuja mashine ya kusikiliza mikono. Nikatia saini. Kwa mkono wa kulia – baadaye ndipo nikashtuka.

Hapa naitwa Mashoto. Sikuzaliwa hivyo. Mkono wa kulia uliharibika msimu wa 96, shamba jingine, nilipoanguka na mzigo. Kalamu unaweza, panga hauwezi. Nikaja hapa nakatia kushoto. Wakiuliza mbona naandika kwa kulia, nasema mwalimu kule Kasulu alinichapa hadi nikabadili. Wanaamini. Wengi walichapwa.

Alhamisi, 15 Julai

Nimejipima mwenyewe, chooni. Ngumi ya kushoto inanguruma. Ya kulia – karibu kimya. Akiusikia ukimya huo nimekwisha. Nyumbani kwenyewe nitarudi na nini?

Ijumaa, 16 Julai

Wanapimia stoo ya mbolea. Mwinshehe, mnyapara wetu, kasimama mlangoni. Ati anaangalia foleni. Akaniambia, Mashoto, leo siri zako zote zitasikika.

Hildegarda akabandika kinasa sauti mkononi, kidogo kama kifungo cha koti. Nikashika dumu la maji hewani, kwanza kushoto. Mashine ikachora vijimawimbi kwenye karatasi. Kisha kulia, dumu lilelile. Mawimbi yakaruka juu kabisa. Nikafurahi – mkono una sauti! Nikamwambia, unaona mama, yote mizima.

Hakutabasamu. Akanena kwa sauti ya chini: baba, mzigo ni mmoja. Mkono mzima unaubeba bila kuhangaika. Unaohangaika ndio unaopiga kelele. Akaitazama saini yangu kwenye fomu, ile niliyoitia kwa kulia mbele yake. Akauliza, unauma tangu lini?

Nikaweka dumu chini.

Mwinshehe akadakia kutoka mlangoni: vipi, huyo mbovu?

Hildegarda akamjibu kinasa kimelegea, nitarudia mwisho wa foleni. Akaichana ile karatasi ya mawimbi kutoka kwenye mashine, akaitia mfukoni.

Kinasa hakikulegea. Nilikuwa nakitazama.

Kwa nini amdanganye mnyapara kwa ajili yangu? Mtu hakubebei uongo bure. Na karatasi iko mfukoni mwake, si mwangu.

Naandika nimekaa nyuma ya stoo. Lusekelo ametoka sasa hivi, anasugua gundi mkononi. Anasema nimebaki mimi tu. Nimemuuliza Mwinshehe yuko wapi. Anasema ameingia ndani kabisa, amevuta kiti karibu na mashine.

Hildegarda ananiita. Baba, njoo tupime tena.

Mkono upi, hajasema.