Kuku Wawili Kwanza

Jumatatu, 3 Machi
Uzi umenishinda. Mara kumi na mbili! Fundi cherehani asiyeona tundu la sindano ni fundi wa nini? Nimejiunga na utafiti wa kliniki ya macho. Kila asubuhi vidonge viwili: kimoja cha mwani, kimoja cha maua. Wanapima kama rangi yake inaingia kwenye damu, maana eti hulinda macho. Dada wa maabara kasisitiza nimeze na chakula chenye mafuta, la sivyo vinapita tu. Chupa kaichukua mume wangu. Eti mimi msahaulifu, atanipa mwenyewe.

Jumatatu, 17 Machi
Damu yangu haina kitu! Wenzangu wote wamepanda. Dada anauliza kama nakula mafuta. Nakula mpaka midomo inang'aa! Wiki ijayo ikiwa hivi tena, natolewa. Halafu nikicheua nasikia binzari. Mwani una binzari? Sielewi.

Jumanne, 18 Machi
Ajabu nyingine. Nimevunja mayai mawili — viini vya rangi ya chungwa, karibu vyekundu. Mume wangu kasema labda ni majani. Majani gani, na kuku wote wanakula yaleyale? Kakimbilia bandani. Nimeyala yote mawili.

Jumamosi, 22 Machi
Nimepasua kidonge. Unga wa mahindi na binzari!
Mume wangu hakubisha: vidonge vya kweli anawapa kuku. Chakula kipya huwapa kuku wawili kwanza, wiki tatu nzima, ndipo wengine wale. Najua desturi yake. Sikujua na mimi nimo bandani! Eti dawa ya watu asiowajua, na mke anaye mmoja tu. Nikacheka, kisha nikalia. Macho yangu yana wiki tatu za kusubiri kuku? Nina hasira naye. Chai yake nimemwekea hata hivyo.

Jumatatu, 24 Machi
Imepanda! Dada kapiga makofi, mwili wangu eti umeamka, ataliandika hilo. Kumbe ni mayai, nimeyala kila siku. Nikisema ukweli, natolewa. Nikinyamaza, wenye macho kama yangu watasoma uongo. Nimejifungia msalani hapa kliniki, naandika gotini. Mume wangu kaja na chupa ya vidonge vya kweli. Kuku wazima, anasema, sasa nimeze. Nimemwambia akae kimya kwenye benchi mpaka nitoke.
Namsikia hapo nje. Anamweleza dada, tena kwa majivuno, kwamba kuku wake wawili ndio waliomeza vidonge vyangu kwanza.