Nyumba ya Magurudumu

Gari la Sinema,
Uwanja wa Soko, Muleba.
14 Machi 1976

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama waitu. Natumaini barua hii inakukuta umeketi mahali penye mwanga, maana nataka uisome mwenyewe, polepole, bila kuharakishwa na mtu. Mgongo unaendeleaje? Na kile kidonda cha operesheni, bado kinavuta wakati wa baridi? Sisi huku, mimi na Kagaruki, tunaamka na kufanya kazi. Mvua zimeanza, na barabara zimeshaharibika kama kawaida yake.

Jirani yenu Jovita aliniambia kwamba umemaliza kisomo cha watu wazima, na kwamba uliandika jina lako ubaoni mbele ya kijiji kizima. Nilicheka, kisha nikalia kidogo. Kwa miaka yote hii nilishindwa kukuandikia kwa sababu nilijua barua ingesomwa na mtu mwingine kwa sauti, na wewe ungesikia maneno yangu kutoka mdomoni mwake. Sasa naweza kusema nawe tukiwa wawili tu.

Hujawahi kuliona gari letu kwa karibu, basi nikueleze tunavyoishi. Ni lori la serikali lenye bodi kama chumba. Mbele inakaa mashine ya sinema na jenereta. Nyuma kuna kitanda, kabati moja na jiko la mafuta ya taa. Kagaruki anaonyesha picha za afya, za kilimo cha kahawa na za vijiji vya ujamaa. Bwana wa idara aliniruhusu nisafiri naye kwa sharti kwamba nitalitunza gari. Tangu Baba aliposema kwamba binti yake Mkatoliki aliyefunga ndoa kwa Walutheri asikanyage tena kibanja chake, sijawa na nyumba nyingine. Wenye nyumba hupaka kuta udongo. Mimi huziba matundu.

Mama, sikujua kwamba wadudu wanapenda magari kiasi hiki. Mwaka wa kwanza buibui walikuwa wengi kuliko sisi. Walijificha nyuma ya makopo ya filamu, chini ya godoro, hata ndani ya kiatu cha Kagaruki. Baadaye nikagundua kwamba tulikuwa tunawaingiza wenyewe, pamoja na kuni na mikungu ya ndizi tuliyopewa vijijini. Siku hizi hakuna mkungu unaopanda kabla sijaukung'uta na kuumwagia maji. Kila asubuhi nafagia tando zote, hata zile ndogo za pembeni, kwa sababu buibui akivunjiwa kila siku huchoka na kuhama. Milango nimeishonea vipande vya blanketi chini. Madirishani Kagaruki alipigilia wavu wa chuma, na nyufa za mbao nikazijaza nta. Tukiegesha penye majani naweka majivu yenye mafuta ya taa kuzunguka kila gurudumu, maana siafu hupanda kwa njia hiyo. Taa ya karabai tunaitundika kwenye mti mbali na mlango, ili wenye kupenda mwanga waende huko.

Hata hivyo, katika kijiji kimoja kando ya ziwa buibui mmoja alinishinda. Aliingia kwenye mashine yenyewe, na katikati ya picha ya kunyonyesha watoto akapita mbele ya kioo. Pale kwenye shuka tunaloonyeshea picha akaonekana mkubwa kuliko nyumba, miguu ikitembea juu ya uso wa yule mama wa kwenye picha. Watu walikimbia hadi kwenye mibuni. Bibi mmoja alirudi siku iliyofuata kumwuliza Kagaruki, kwa upole kabisa, kama serikali inafuga wanyama wa namna ile.

Na kule Kamachumu tulikuwa tunaonyesha picha ya uchimbaji wa vyoo, Novemba, na senene wakashuka. Waliujia mwanga wa mashine kama mvua. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa ametoka kuwahimiza watu watulie wajifunze, alivua shati lake akawa anakusanyia humo. Kagaruki alitaka kuzima, watu wakamsihi asizime. Basi picha ikaendelea, hakuna aliyeitazama, na mimi niliyekuwa nawafukuza wadudu mwaka mzima nikafungua mlango kwa mikono yangu. Nilimkaangia mume wangu senene sufuria nzima. Nilikukumbuka sana siku ile.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya Kokubanza.

Ulisikia alipozaliwa, na ulisikia kwamba tulimpa jina lako. Alikuwa mweusi wa kung'aa kama wewe, na alikuwa na kile kishimo chako kidevuni. Hakuogopa jenereta. Alipolia Kagaruki aliiwasha tu, naye akanyamaza akisikiliza. Kwa ajili yake nilianza upya kuziba gari lote. Maduka ya vijiji hayakuwa na chandarua, kwa hiyo nilichukua shela yangu ya harusi, nikaikata na kumshonea pazia la kuzunguka kitanda. Jioni nilifunga kila kitu kabla jua halijazama. Nilipapasa nyufa kwa vidole kutafuta upepo unakopita, na kila nilipousikia nilitia nta. Kagaruki alikuwa akinitania kwamba sasa hata hewa inabisha hodi.

Mama, ukiwa umesimama, tafadhali keti.

Wiki mbili zilizopita Jovita aliniletea lile gauni la maua ya njano ulilolishona kwa mkono. Aliuliza mtoto yuko wapi. Nilimwambia amelala. Alitaka kupanda ndani amwone, nikamwambia tusimwamshe, nikampa chai nje. Alipoondoka nililitandaza gauni kitandani. Umelikata kwa kukisia kimo cha mtoto anayetembea. Mjukuu wako hakufika huko. Alikuwa ameanza tu kukaa bila kuegemea.

Ilikuwa masika ya mwaka jana, ulipokuwa umelazwa hospitali. Alishikwa na homa tukiwa huku kwetu, si mbali na Kagoma. Mganga wa zahanati alisema ni malaria, akampa dawa, akatuambia tumkimbize Bukoba. Mvua ilikuwa imekata daraja. Kagaruki alishuka kutazama kama lori linaweza kupita pembeni mtoni, na alipokuwa huko majini mtoto akanifia mikononi. Madirisha yalikuwa yamefungwa yote. Hapakuwa na mdudu hata mmoja ndani ya gari lile. Kagaruki anasema labda mbu alimuuma uwanjani, nilipokuwa nimempakata nikitazama sinema pamoja na watu. Labda. Nimelifikiri jambo hili hadi kichwa kimeniuma, na sitalijua kamwe.

Kwao Kagaruki ni Kibeta, ng'ambo ya daraja lile. Hatungeweza kufika. Gari ni nyumba, Mama, lakini halina udongo wa kumlaza mtu. Nikamwambia Kagaruki ageuze, anipeleke kwa Baba.

Baba alikuwa mlangoni anamenya ndizi, kwa kuwa wewe hukuwapo. Alituona tukiingia kibanjani, akaona nilichobeba na namna nilivyokibeba. Aliweka kisu chini. Hakuniuliza habari, hakuniambia karibu. Aliuliza jambo moja tu, kama mtoto amebatizwa. Kagaruki alijibu kwamba mchungaji alimbatiza kule Kashai. Baba akasema, "Basi ni Mkristo," akaenda kuchukua jembe. Alianza kuchimba peke yake kwenye mvua. Baadaye akamnyooshea Kagaruki jembe la pili. Nilikuwa sijawahi kuwaona wamesimama mahali pamoja. Tulisali Baba Yetu, ambayo sote tunaijua, na Baba alishindwa kuimaliza.

Alituomba tusikuambie hadi kidonda chako kipone. Alisema mwenyewe atakuambia. Tangu siku ile, kila gari likifika Muleba, anakuja kwa miguu, anasimama kando ya gurudumu, na tunazungumza. Amesema mara nyingi ameketi nawe jikoni, akaanza, halafu akaomba maji ya kunywa. Juzi alikuja akanieleza kwamba sasa unajua kusoma, akaniomba niandike mimi, kwa sababu yeye ameshindwa.

Ile miche miwili ya omulamula nyuma ya nyumba, upande wa mibuni, ambayo alikuambia ameipanda kuweka mpaka, si ya mpaka. Ndipo alipo. Uliwahi kumuuliza kwa nini hapo anapalilia mwenyewe na hataki mtu amsaidie. Ni kwa sababu hiyo.

Usimkasirikie, Mama. Nikasirikie mimi niliyesema amelala. Nakuomba tu, ukishamaliza kusoma, usimuulize Baba neno. Chukua jembe, nenda ukapalilie pamoja naye. Na ukiwa pale mwite mtoto kwa jina lake, kwa sauti, hata kama majirani watashangaa kwamba unajiita mwenyewe. Alikuwa ameanza kuliitika. Aligeuza kichwa.

Unisalimie Jovita, na umwambie sikukusudia kumdanganya. Umsalimie Ma Alistidia na wenzako wote wa darasani. Kagaruki anakuamkia kwa heshima, anasema barabara ikikauka atakuja kukuamkia mwenyewe, ukimruhusu. Baba nimeshamsalimia juzi, msalimie tena.

Mungu akushike mkono unaposoma haya.

Ni mimi mwanao,
Clotilda