Mawimbi ya Mnara wa Redio

Morogoro Mjini,
4 Machi 1975

Mpendwa Mjomba Yunusi,

Shikamoo. Wewe na mkazamjomba Chausiku mmeamkaje huko mlimani na baridi hii? Mke wangu Modesta anawaamkia.

Mjomba, ganzi ya mkono uliyonieleza imenitia hofu. Nimesoma kwamba mawimbi ya ule mnara wa redio waliousimamisha juu ya shamba lako hupenya mwilini na kuua chembe za neva, zile zinazopeleka habari toka ubongoni mpaka vidoleni. Zikifa hazioti tena. Hameni kabla ganzi haijapanda kichwani. Kijiji cha ujamaa huko Mikese kinapokea watu, nami nimeshasema na katibu.

Mpwa wako,
Mwinjuma

Mikese,
20 Juni 1975

Mwanangu Mwinjuma,

Marahaba. Tunaendelea, ila joto la huku si mchezo. Tumehama kama ulivyosema. Mkazamjomba wako alilia, nikamkemea: mtoto amesoma, ni mwalimu wa sayansi, sisi tunajua nini? Lakini ganzi nimekuja nayo. Je, neva ndiyo zimekwisha kufa? Nataka nipande mlimani nikakate ndizi zangu.

Mjomba wako,
Yunusi

Morogoro Mjini,
2 Julai 1975

Mjomba,

Shikamoo, na pole sana. Tafadhali usipande hata kwa siku moja. Mitambo imeongezwa nguvu, na neva zilizodhoofika hazitastahimili. Ndizi nitamtafuta mtu azikate.

Mpwa wako,
Mwinjuma

Mikese,
15 Oktoba 1975

Mwinjuma,

Nilipanda. Chausiku alitamani ndizi za kwetu.

Nimekuta nyumba ya bati chini ya mnara. Modesta anapalilia kabichi, na mwanao Furaha kalazwa kwenye kanga penye nguzo zenyewe. Modesta, maskini, akanipikia chai. Nikamwuliza kama haogopi mawimbi, akashangaa.

"Mawimbi gani, Mjomba? Mwinjuma kasema shamba limekushinda, ukampa."

Nilimaliza chai nikashuka. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Sisi Waluguru, shamba la mjomba huenda kwa nani kama si mpwa? Nilikutaja mbele ya ukoo ungali mwanafunzi. Ungeniomba, ningekugawia nikiwa hai, na kwa furaha.

Kumbe nimepoteza zaidi ya shamba. Sasa ganzi imefika begani. Chausiku, ambaye sijamweleza kitu, kasema tumwandikie Mwinjuma, yeye ndiye anayejua. Labda mawimbi hudhuru neva kweli, labda hayadhuru. Nitamwuliza nani?

Yunusi